Barua ya wazi kwa Msimamizi Mkuu wa Shule: vitabu mlivifungia, sifuri akapewa mtoto

Mheshimiwa Msimamizi Mkuu wa Shule za Wilaya,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni mzazi wa mwanafunzi wa darasa la saba, na nakuandikia kwa Kiswahili kwa makusudi. Katika mkutano wa wazazi wa mwezi wa Machi ulisimama mbele yetu, mkalimani akiwa pembeni yako, ukasema kila mzazi ana ruhusa ya kuiandikia ofisi yako kwa lugha ya nyumbani kwake, naye atajibiwa. Tulikupigia makofi. Siku hiyo hiyo ulisema hakuna mtoto wa wilaya hii atakayeanza likizo ya kiangazi bila kitabu mkononi. Nilikuwa safu ya mbele, nilisikia. Barua zangu za mwanzo hazikujibiwa, ndiyo maana hii naiweka wazi, wazazi wenzangu nao waisome.

Wiki iliyopita shule zilifunguliwa. Siku ya pili tu, darasa la Kiingereza la binti yangu likapewa mtihani wa vitabu viwili vilivyotakiwa kusomwa likizo. Alipata sifuri. Alirudisha karatasi tupu, kwa kuwa vitabu hivyo hajawahi kuvishika. Alama hiyo imeshaingizwa, naiona kwenye simu yangu kila nikifungua programu ya shule, na mwalimu amenieleza kwa upole kwamba itahesabiwa katika kuamua kama atabaki darasa la juu la Kiingereza au atateremshwa.

Mheshimiwa, mtoto huyu alifika nchi hii ya Marekani hajui hata kuomba maji kwa Kiingereza. Alizaliwa kambini Nyarugusu, mkoani Kigoma, kambi iliyofunguliwa mwaka 1996 kwa ajili yetu tuliokimbia vita Kongo tukavuka ziwa kuingia Tanzania. Mimi mwenyewe nimekulia pale. Kitabu kimoja tulikisoma benchi zima, aliyekaa pembeni akiyasoma maneno kwa upande. Hapa binti yangu amepanda mpaka mwaka jana akatolewa katika kundi la wanaojifunza Kiingereza, akaleta cheti, nikakibandika ukutani. Aliambiwa sasa yuko sawa na wenzake. Leo anateremshwa kwa kukosa vitabu ambavyo shule yenyewe inavyo.

Ndiyo, inavyo. Siku ya mwisho ya muhula nilikwenda kumsaidia kubeba vitu vyake. Maktaba ya shule ilikuwa imeshafungwa, lakini kupitia kioo cha mlango niliviona vitabu vile vile vya kwenye orodha, nakala nyingi, zimepangwa rafu nzima. Nikauliza ofisini kama anaweza kuazima. Nikajibiwa vitabu vimeshahesabiwa, havitoki mpaka Agosti. Wiki kumi! Orodha inamwambia mtoto asome, na vitabu vya orodha vimefungiwa ndani ya jengo analotoka.

Orodha yenyewe ilitumwa wiki ya mwisho ya shule, kwa Kiingereza peke yake. Mimi nafanya zamu ya usiku kiwanda cha kuku, mume wangu anafanya ya mchana, tunapishana mlangoni. Binti ndiye aliyenisomea. Iliandikwa kwamba vitabu vinapatikana maktaba ya umma au madukani. Tukaenda maktaba ya umma. Nakala zilikuwa chache na foleni ya waliotangulia ilikuwa ndefu kuliko likizo. Tena kadi yetu ilikuwa imezuiwa kwa sababu ya kitabu alichopoteza mdogo wake, na mpaka deni lilipwe hatuazimi kitu. Duka la vitabu upande wetu wa mji halipo. Kuagiza mtandaoni, vitabu viwili ni fedha ya chakula cha siku kadhaa, na mwezi ule kodi ya nyumba ilikuwa imepanda. Nasema haya hadharani ingawa yananiuma, kwa sababu nimechoka kusikia kwamba watoto wetu hawapendi kusoma. Binti yangu alimaliza likizo akisoma vitabu vya hadithi vya mdogo wake wa darasa la pili, akivirudia, kwa kuwa ndivyo vilivyokuwamo nyumbani.

Sijui kwa nini maktaba ya shule inafungwa. Labda mkataba wa mkutubi ni wa miezi kumi na hakuna wa kumlipa mwezi wa Juni. Labda ni bima, labda ni umeme wa kupoza jengo. Nadhani zaidi ni hofu kwamba vitabu vikija nyumbani kwa watu kama sisi havitarudi. Kama ndivyo, heri tuambiwe. Kitabu kilichopotea kinaweza kununuliwa tena, nami nitachangia.

Haya si mambo mapya, na naamini wewe unayajua kuliko mimi. Mwanasosholojia Barbara Heyns aliwafuatilia wanafunzi wa darasa la sita na la saba, umri wa binti yangu kabisa, katika mji wa Atlanta. Katika utafiti wake uliotoka 1978 alionyesha kwamba pengo kati ya watoto wa wenye nacho na wa wasio nacho hupanuka zaidi shule zikiwa zimefungwa, na kwamba katika yote wanayofanya watoto likizo, kusoma ndiko kulikohusiana zaidi na maendeleo yao. Watoto waliokaa karibu na maktaba waliitumia zaidi. Huko Florida, watafiti waliwapa watoto wa familia maskini vitabu 12 kila likizo ya kiangazi, miaka mitatu mfululizo, vitabu walivyochagua watoto wenyewe. Matokeo yalichapishwa 2010: walisoma vizuri kuliko wenzao ambao hawakupewa. Hawakuletewa walimu wa ziada wala kompyuta. Walipewa vitabu wakaenda navyo nyumbani.

Na kuna sheria. Mwaka 1974 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kesi ya wanafunzi wa Kichina wa San Francisco, iitwayo Lau v. Nichols, ikitegemea Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964. Ilisema kuwapa wanafunzi wote majengo yale yale, vitabu vile vile, walimu wale wale na mtaala ule ule hakutoshi kuitwa usawa, ikiwa wengine hawaielewi lugha inayotumika. Sisi hata vitabu vile vile hatukupewa.

Tarehe 7 Julai, katikati ya likizo, ofisi yako ilitutumia salamu za Siku ya Kiswahili Duniani, ile iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Ilikuwa kwa Kiswahili safi. Nilifurahi, kisha nikakasirika. Kumbe mtafsiri yupo na fedha ya kumlipa ipo. Basi kwa nini orodha ya vitabu, ambayo mtoto atapimwa nayo, ije kwa Kiingereza, na salamu ndizo zije kwa lugha yetu?

Ningependa pia siku moja orodha hiyo iwe na kitabu hata kimoja cha Kiswahili, nikae na binti yangu tukisome pamoja, nimuulize maswali, animalizie sura. Vipo. Dar es Salaam kuna wachapishaji wa vitabu Mkuki na Nyota, kuna Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanza 1991. Watoto waliotoka Kongo wamejaa katika shule zako, na wazazi wao wengi wanasoma Kiswahili vizuri. Lakini hilo sitaki liwe sababu ya kuunda kamati na kutusogeza mpaka mwaka ujao. Nikiomba mambo matano nitajibiwa kwamba yanachunguzwa.

Kwa hiyo naomba moja. Fungua maktaba za shule wakati wa likizo ya kiangazi. Siku moja kwa wiki inatosha, hata kwa muda wa saa mbili tu jioni, wakati sisi wa zamu ya usiku hatujaingia kazini. Kama mkutubi hayupo, wazazi tupo. Mimi nitakaa mezani niandike majina ya wanaoazima. Kama kufungua kumeshindikana kabisa, basi siku ya mwisho ya shule kila mtoto atoke na vitabu viwili vya orodha mkononi, avirudishe Agosti. Na mpaka hapo mtakapofanya hivyo, sifuri ya binti yangu ifutwe, pamoja na za wenzake wote ambao hawakuvipata, kwa sababu najua hakuwa peke yake darasani aliyerudisha karatasi tupu.

Kikao cha bodi ya shule ni mwezi ujao. Nimeomba ruhusa kazini, siku hiyo hailipwi, na nitakuwepo. Naomba mkalimani awepo pia, na naomba jibu uje nalo kwa maandishi.

Wako kwa heshima,
Mama wa mwanafunzi wa darasa la saba