Ulituma Pesa za Khitma, Hukuja

Mwanangu,

Nakuandikia mimi shangazi yako, hapa hadharani, kwa sababu namba yangu umeifungia, na pesa za khitma ya babaako ulizituma kwa simu ya jirani. Zimefika. Tulipika pilau, watu wakasoma, wakala, kisha wakauliza: "Mtoto wake mkubwa yuko wapi?" Nikawajibu kazi za Dar zimekubana. Uongo huo nimeusema mara nyingi hata mimi mwenyewe nimeanza kuuamini.

Sikulaumu. Hapana, nakulaumu kidogo. Baba ni baba. Ungepanda boti hadi Unguja, kisha Mkoani hapa Pemba, tungekupokea hata siku ya tatu.

Lakini usiku ule nami naukumbuka.

Karafuu zilijaa ukumbini, jamvi halionekani. Tulikaa watu kama kumi tunachambua, makonyo huku, karafuu kule, vidole vinanata. Saa tatu simu ya babaako ikalia. Huko India ilikuwa inakaribia saa sita. Akaiweka spika ili mikono yake iendelee na kazi. Ukaanza taratibu. Kwamba ndani ya basi watu wanasimama na kiti cha pembeni yako ni kitupu. Kwamba mwenye nyumba alikubali kwenye simu, alipokuona akasema chumba kimeshapata mtu. Kwamba chuoni wanakuita kalu, yaani mweusi, na mwalimu anasikia na anacheka nao. Hapo sauti ikakukatika. "Baba, nataka kurudi."

Hakuinua hata uso. "Kwani uongo? Wewe si Makaa? Toka hujaota meno tunakuita Makaa, leo wakikuita Wahindi ndio unalia?"

Watu wakacheka. Na mimi nilicheka. Nilikisikia kicheko changu, kilipita vya wenzangu wote. Halafu kwenye simu pakawa kimya, uvumi wa mbali tu, mpaka ikakatika. Salio liliisha au ulikata wewe? Sijawahi kukuuliza.

Tena si kwamba hatukujua yanayotokea huko. Tarehe 31 Januari 2016, kule Bengaluru, kundi la watu lilimvamia msichana wa Kitanzania, mwanafunzi, likampiga na kumchania nguo, kisa mwanafunzi wa Sudan ambaye hata hamjui alikuwa amemgonga mwanamke kwa gari na kumuua muda mfupi kabla. Tuliisikia sote redioni. Babaako akauliza: "Mtoto wa kike alikuwa anatafuta nini nje usiku?" Machi 2017, Greater Noida, kijana wa Kihindi alifariki, ukaenea uvumi kwamba Wanigeria wanakula watu, wanafunzi wa Kiafrika wakapigwa. Safari hiyo hukupiga simu kabisa. Nikadhani umezoea.

Uliwahi kuniambia jina jengine ni habshi. Bibi yetu akitaka kumsifu mwari kwa uzuri alisema "kama Mhabeshi". Neno ndilo hilo hilo, kule ni tusi. Wala sisi si wasafi wa kuwanyooshea Wahindi kidole. Waulize wenzio hapo Kariakoo, watakwambia nani anawaita watu wa bara machogo.

Na bakora za babaako, zile sizitaji zote. Moja tu: ulipotoka wa pili darasani, alikupiga mbele ya aliyetoka wa kwanza. Huyo mtoto alilia kuliko wewe. Hata hivyo babaako aliuza shamba la Mtambile kukulipia ada, hilo nalo lisemwe. Uliporudi mwaka wa tatu bila cheti, alisema barazani kwamba umemlia shamba. Hakuuliza kilichokurudisha. Hakuna aliyeuliza.

Nasikia umepata mtoto wa kiume. Mashaallah. Usimpe jina la utani la rangi. Siku akikupigia simu analia, acha unachokifanya, inuka, toka nje, msikilize. Mimi ningeweza kuinuka? Nilikuwa na talaka ya miezi minne na watoto wawili, nalala chumba cha uani kwa kaka'ngu, unga wake, mafuta yake. Mwenye nyumba akicheka, unacheka. Wewe ulikuwa mbali, hukuuona uso wake. Na baada ya hapo si nilikutumia halua ya Wete kwa yule mwenzio aliyekuwa anarudi huko? Kilo mbili. Hukusema hata kama imefika.

Nimekasirika tena. Nisamehe. Au usinisamehe, lakini ulisema wewe mwenyewe ukiwa mdogo kwamba shangazi ndiye pekee asiyekuita Makaa. Ni kweli. Sikukuita hata siku moja. Nilicheka tu.

Mirathi imeshagawiwa. Fungu lako limetoka mikarafuu minane, ile ya bondeni karibu na kisima, na mmoja ni ule aliokupandisha kwa nguvu ukiwa na miaka tisa, ukashuka umejikojolea. Imezaa sana mwaka huu. Wachumaji wanataka kujua watalipwa shilingi ngapi kwa pishi, nami siwezi kukata bei kwenye mali ya mtu. Nambie nimpe nani akuchumie. Zimeshaanza kupiga wekundu, na zikifunguka maua hazina bei tena. Kama hutaki kunipigia mimi, mpigie jirani, mwambie yeye.