Lavenda inauliwa na maji, sio joto

Mhariri, naomba nafasi. Huku Dar watu wananunua miche ya lavenda, ule mmea wa maua ya zambarau yenye harufu nzuri, masika ikiingia inakufa halafu wanalaumu joto, jamani ni maji, huu mmea kwao ni Mediterania kwenye miteremko ya mawe, mizizi ikikaa kwenye tope inaoza, utaona majani ya chini yamekauka na shina jeusi pale linapoingia udongoni. Pandeni kwenye tuta la juu au chungu chenye matundu, mchanga na kokoto kwa wingi, mbolea kidogo sana, jua angalau masaa 6. Tafuteni Lavandula dentata, ile ya majani yenye meno meno, inavumilia unyevu kuliko aina ile inayoitwa lavenda ya Uingereza. Na wauza miche, tafadhali mwambieni mteja ni aina gani, hela ya mtu inauma.

Msomaji wenu, Dar es Salaam