Dada, na Kaka naye asomewe

Dada mpendwa,

Shikamoo. Ujumbe wako wa paa la chumba cha Mama nimeupata. Ule wa sauti wa Kaka nao nimeupata, maana alivyoufuta kwenye kundi la familia mimi nilishausikiliza, tena mara mbili. Eti nimevuka bahari kuja kuzoa mavi ya farasi, na sasa nimezidi, nalipia kupandishwa farasi kama mtoto wa sultani huku Mama ananyeshewa.

Mavi nazoa, sikatai. Asubuhi na mapema, na baridi ya huku tuiache. Lakini kulipia, silipii hata senti. Mwanamke mwenye mabanda haya ya farasi ananifundisha kupanda jioni kazi ikiisha, ndivyo tulivyopatana tangu mwanzo. Kaka angeuliza, ningemwambia. Kuuliza ndiko asikokuweza, tangu enzi za Baba unamjua.

Na kama hajui Saumur ni wapi, mwelezeni. Ni mji wa Ufaransa, kando ya mto Loire, na farasi ndio jina lake. Hapa ndipo walipo Cadre Noir, wale wapandaji wa sare nyeusi, walimu wa walimu. Upandaji wa jadi ya Kifaransa uliingizwa na UNESCO kwenye orodha ya turathi za binadamu mwaka 2011. Mimi siko kwao, msije mkanitangaza vibaya. Niko kwenye mabanda ya kawaida nje ya mji. Ila ninachofundishwa kimetoka kwenye chemchemi hiyohiyo.

Basi sikia, Dada, maana hili nina hamu nalo. Muda mrefu sikuruhusiwa kushika hatamu. Mwalimu anamshika farasi kwa kamba ndefu, anazunguka, mimi juu bila vikuku vya kukanyagia, mikono mapajani, mpaka kiuno kijue kufuata mgongo wa mnyama. Anasema asiyejua kukaa hujishikilia kwenye hatamu, na anayeumia ni mdomo wa farasi.

Mdomo wenyewe ukiutazama kwa ndani utahurumia. Kati ya meno ya mbele na magego pana pengo, ufizi mtupu juu ya mfupa. Lijamu, kile chuma kilichofungwa hatamu, linapita hapo, juu ya ulimi. Ukivuta kwa nyuma, chuma kinaukandamiza ulimi, farasi anakaza taya, anakulalia mikononi, mnaanza kuvutana. Yeye ana karibu kilo 500, wewe je? Ndiyo maana kwetu hapa mkono hauvuti nyuma. Unapanda juu kidogo, chuma kinagusa pembe za midomo tu, na akilegeza taya nawe unaachia papo hapo. Kuachia ndiyo shukrani yake. Hata ule ukanda wa puani lazima vidole viwili vipite chini yake, la sivyo atatafunaje? Wako wanaoukaza mdomo usifunguke, waonekane farasi wao ametulia. Mwalimu wangu akiwaona hugeuza uso.

Aliyeniingia moyoni ni Baucher, Mfaransa mwalimu wa upandaji wa karne ya 19. Kanuni yake: mkono bila miguu, miguu bila mkono. Ukimbana farasi ubavuni aende na papo hapo unamzuia mdomoni, ashike lipi? Huyu bwana alikuwa mtu wa nguvu, wa kubana. Mwaka 1855, taa kubwa ya darini ikamwangukia ndani ya sarakasi mjini Paris, ikamuumiza vibaya. Hapo nguvu za kubana zikaisha, na hapo ndipo upandaji wake ukawa mwepesi kuliko wa kwanza. Inasimuliwa kwamba alipokuwa kitandani, karibu na kufa kwake mwaka 1873, alimshika mkono mwanafunzi wake L'Hotte, aliyewahi kuongoza wapandaji wa hapahapa Saumur, akautuliza mahali pake: daima hivi. Akauvuta kuelekea kifuani: kamwe hivi. Mtu anakufa, bado anawaza mdomo wa farasi!

Sasa la kwangu. Juzi nimepewa jike la kijivu, lile linalowasumbua wageni. Tukaenda kando ya ukuta, mabega ameyaleta ndani kidogo, mguu wake wa nyuma wa ndani unaingia chini ya tumbo. Zoezi hili ni la La Guérinière, mwalimu wa upandaji wa Ufaransa wa karne ya 18, na hadi leo farasi hujengwa kwalo, kwa sababu uzito mwingi wa mnyama huyu hulala miguu ya mbele, na ni kazi kuurudisha nyuma. Nilikuwa nimeshika hatamu kwa vidole tu. Sikio moja likageuka kwangu. Nikasikia anatafunatafuna polepole, povu jeupe midomoni, na mabega yakainuka mbele yangu. Nikashusha mkono, hatamu zikalegea kabisa. Hakubadili hatua hata moja! Kile kitambo alikuwa anajibeba mwenyewe na kunibeba mimi, hakuna anayemlazimisha. Mwalimu akasema "ndiyo" moja tu, na huyo husema "hapana" siku nzima. Wanaolipa fedha zao hapa hawajafika hapo, nakwambia.

Usiku ule nilimkumbuka Baba. Punda wetu akigoma, Baba alikuwa anamwekea mkono shingoni, anangoja, halafu wanaondoka wote wawili. Fimbo ilikuwa ya Kaka. Na alipopigwa teke akasema asante ya punda ni mateke, nasi tukacheka. Punda alikuwa na asante ya nini pale? Natamani Baba angekuwepo nimsimulie, angenielewa bila maneno mengi. Kuna jioni natamani hata makelele yenu ya kugombania rimoti.

Habari ya kuuza kipande cha shamba mwambie Kaka sijatia sahihi na sitatia kwa ujumbe wa simu. Nikija tutakaa chini, na Mjomba awepo.

Fedha za paa nimezituma leo kwa jina lako, siyo lake. Fundi umtafute wewe, na Kaka akitaka kusimamia, asimamie kwa macho. Mama mwambie nakula vizuri.

Mdogo wako