Picha za viongozi ziandikwe nani kazichora

Mhariri,

Naomba nafasi kwenye gazeti lako. Mimi ni mchoraji wa sura za watu hapa Ng'ambo, Unguja. Hivi karibuni niliingia ukumbi mmoja wa mjini nikakuta picha ya kuchorwa kwa rangi ya mzee aliyepata kutuongoza. Chini yake pana jina lake tu. Mwaka hapana, mchoraji hatajwi, wala hujui kama mzee alikaa akachorwa au ilinakiliwa picha ya kamera. Mtoto wa skuli akauliza, "Ndivyo alivyokuwa?" Mwalimu wake akajibu, "Ndivyo." Mimi nilinyamaza, na mpaka leo najuta.

Maana hata picha ya mtu aliyekaa akachorwa inaweza isikubaliwe na waliomjua. Wengi wetu tumeshashika noti ya dola moja ya Marekani. Itazame midomo ya George Washington, rais wao wa kwanza: imebana, na chini ya mashavu pamejaa. Sura ile imetokana na picha aliyoichora Gilbert Stuart mwaka 1796, Washington ana miaka 64 na meno ya bandia yamemtuna kinywani. Stuart hakuimaliza kabisa. Kichwa kimetimia, pembeni turubai limebaki tupu. Martha, mke wa Washington, aliingojea asiipate. Stuart alikaa nayo mpaka alipokufa mwaka 1828, akitolea nakala za kuuza, kila moja dola 100. Rembrandt Peale, aliyemchora Washington ana kwa ana mwaka 1795 akiwa kijana wa miaka 17, hakuridhika nayo, na mwaka 1824 akatoa yake. Jaji Mkuu John Marshall, aliyemjua Washington vizuri, aliisifu sana ile ya Peale. Lakini iliyoingia kwenye noti ni ya Stuart.

Na Washington mwenyewe alikuwa na lake la kusema. Picha yake ya mwanzo inayojulikana aliichora Charles Willson Peale, baba yake Rembrandt, mwaka 1772. Siku hizohizo za kuchorwa, Washington alimwandikia mwalimu wa mtoto wake wa kambo kuwa anakaa amenuna, usingizi unamchukua, na kwamba mchoraji atapata tabu kuuonyesha ulimwengu yeye ni mtu wa namna gani.

Hayo nayaamini kwa sababu yamenifika. Familia moja iliniletea picha ya kitambulisho cha marehemu baba yao. Nikachora, kila kitu mahala pake. Binti yake mkubwa akaitazama, akatikisa kichwa: "Si yeye. Baba jicho lake la kushoto lilikuwa limelala." Nikaishusha kope kwa ncha ya brashi, kiasi cha unywele. "Huyo sasa," akasema. Kamera ilikuwa haikulishika jicho lile.

Ahmad bin Na'aman, mjumbe wa Sayyid Said, mtawala wa Zanzibar na Omani, aliyekwenda New York kwa jahazi liitwalo Sultana mwaka 1840, alichorwa hukohuko na Edward Mooney. Mchoraji tunamjua, mwaka tunaujua, na picha ipo Salem, Marekani. Iweje za huku kwetu zisiwe na hata mstari?

Nawaomba wenye kumbi waandike chini ya kila picha nani kachora, lini, na kwa kutazama nini. Wazee waliowajua viongozi hao wangali hai. Waulizwe sasa, na wanayoyasema yaandikwe hapohapo ukutani. Vibao niko tayari kuviandika kwa mkono wangu, bila ya malipo.

Mchoraji,
Ng'ambo, Unguja