Kabla ya kupaka dawa kwenye slabu, yape maji njia

Masika yakianza tu hapa Dar es Salaam, simu tunazopokea ni za aina moja: "Fundi, slabu inavuja, njooni mpake dawa." Tunakuja kwenye hilo paa bapa la zege, lakini ndoo ya dawa ya kuzuia maji inabaki kwenye gari kwanza. Tunapanda juu na pimamaji, mpira mrefu wa maji na chaki. Kwa kazi nyingi tulizofanya, ufa aliotuonyesha mwenye nyumba haukuwa ugonjwa wenyewe. Ugonjwa ulikuwa dimbwi lililotuama juu ya huo ufa siku nne bila mahali pa kwenda.

Zege linakunywa maji. Yakipita haraka, linalowa na kukauka bila madhara makubwa. Yakituama, yanashuka taratibu hadi kwenye nondo, nondo inashika kutu, na kutu huvimba kuliko chuma chenyewe. Ndipo unaona zege la chini ya slabu linabanduka vipande vipande. Dawa iliyopakwa chini ya dimbwi nayo inachoka mapema: leo imelowa, kesho jua la saa nane linaichoma, na msimu ujao imetoa malengelenge. Tumewahi kukuta slabu ya Goba yenye matabaka matatu ya dawa, ya miaka mitatu mfululizo, na maji bado yanaingia chumba cha watoto. Mama mwenye nyumba alikuwa amelipa mara tatu. Iliniuma sana, kwa sababu kilichohitajika tangu mwanzo ni mteremko na tundu la pili la kutokea maji.

Hebu tupige hesabu. Milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1 kamili. Slabu ya mita 10 kwa 12 ina mita za mraba 120. Ikinyesha mvua ya milimita 50 ndani ya saa moja, umepokea lita 6,000, yaani matanki sita ya lita 1,000, au tani 6. Hizo zote zipite kwenye bomba moja la inchi 2 ambalo mwembe wa jirani umeshalijaza majani? Haziwezi. Kwa hiyo hatukubali tundu moja, hata slabu iwe ndogo. Tunaweka mawili au zaidi, bomba la inchi 4, kila tundu na chujio lake la kuzuia majani. Juu kidogo ya hapo tunatoboa parapeti, ule ukuta mfupi unaozunguka slabu, na kuweka mlizamu wa dharura, chini ya usawa wa kizingiti cha mlango wa kutokea juu. Siku mabomba yakiziba, maji yatamwagika nje mbele ya macho yako, hayataingia sebuleni.

Mteremko ndio wenye kazi. Sisi tunalenga sentimita 2 kwa kila mita. Linasikika jambo dogo, lakini likipelekwa upande mmoja tu, kwa mita 10, mwisho wa juu unapanda sentimita 20. Ukijaza mteremko huo kwa saruji na mchanga juu ya slabu iliyokwisha kumwagwa, umeiongezea nyumba tani nyingi ambazo mhandisi hakuzihesabu. Ndiyo maana tunagawa: maji yaende pande mbili, au yakusanyike kwenye mfereji wa katikati, ili kila safari iwe fupi na saruji iwe nyembamba. Na kama bado hujamwaga slabu, tafadhali tupigie sasa. Mbao za kushikilia zege zikiinamishwa tangu mwanzo, mteremko unaupata karibu bure.

Nyumba za paa la kuficha, zile ambazo bati limejificha nyuma ya ukuta, zina shida yake. Bati linalazwa mno ili lisionekane barabarani, halafu gata ya ndani, yaani mfereji unaopokea maji ya bati, inatengenezwa nyembamba kiasi kwamba mguu hauingii kuisafisha. Tunadai bati lipande walau sentimita 9 kwa kila mita, na gata iwe pana ya kukanyagika, nayo ikiwa na mteremko wake. Mwenye ramani akisema ukuta utapanda na nyumba haitapendeza, tunakaa naye chini tuzungumze, lakini kipimo hicho hatukipunguzi.

Kitu kingine tunachokataa ni bomba la mvua kufukiwa ndani ya nguzo. Linaiba nafasi ya zege pale nyumba inapobeba mzigo, na likipasuka hakuna wa kulifikia. Literemke nje ya ukuta; ukilipaka rangi ya nyumba halisumbui macho. Chini lisielekezwe kwa jirani, wala kwenye msingi, wala kwenye shimo la choo, kwani mvua mbili tu zinalijaza. Lipeleke kwenye tanki au shimo la mawe mbali na ukuta.

Mafundi wa zamani wa Mji Mkongwe, Unguja, waliezeka mapaa ya sakafu kwa chokaa na mawe ya matumbawe, na mapaa mengi baadaye yalifunikwa kwa bati sababu ya mvua hizi hizi. Sisi tuna saruji, mabomba na vipimo vizuri zaidi. Tuvitumie.

Kabla hujatuita, fanya jambo moja. Siku mbili baada ya mvua kubwa kukatika, panda juu na chaki, zungushia kila mahali maji yalipobaki, na kama yameshakauka, zungushia alama za tope. Piga picha kutoka pembe zote nne, utupe pia urefu na upana wa slabu. Kwa hizo picha tutakuambia kama unahitaji mteremko, tundu jingine, au kweli ni dawa tu.