Kuhusu ile sindano uliyoniuliza

Shoga yangu Mwanaidi,

Salaam sana, samahani voisi yako ya juzi nimeisikiliza leo, zamu za usiku huku Leicester zimenimaliza. Eti umesikia Ozempic, hii sindano ya kisukari inayopunguza na uzito, inaharibu akili? Ngoja nikwambie nilivyoiona mie, maana huu ni mwezi wangu wa nne najidunga, kila Ijumaa, pembeni ya kitovu.

Ile dawa inaiga homoni ya utumbo, GLP-1, ukila tu utumbo unaitoa kuuambia ubongo basi, imetosha. Ya asili dakika kama mbili imeshavunjwa, ya sindano inakaa wiki nzima. Na vipokezi vyake, yaani pale inaponasa mwilini ifanye kazi, haviko tumboni tu, viko mpaka kichwani, sehemu ya njaa na ile ya raha, ya kemikali ya dopamini, ndo maana kuna wanaosema hata pombe haiwavutii tena, mwaka 2025 kulitoka utafiti mdogo wa Marekani, walevi 48, waliodungwa hamu ikawapungua.

Kwangu shida ilikuwa kelele za chakula kichwani. Si unanijua, naosha vyombo vya mchana huku nawaza cha usiku. Wiki kadhaa mbele nikashtuka, mbona humu kichwani kumetulia? Vitumbua viwili vililala kwenye sahani mpaka vikakauka, mie!! Ila sikufichi, kuna siku biriani ya harusi ilikuwa kama natafuna karatasi, na umbea wenyewe haukuninogea, hapo nikaogopa.

Sasa hilo la kwamba dawa inawafanya watu watake kujiua, 2023 ripoti zilitoka Aislandi, shirika la dawa la Ulaya likachunguza, Aprili 2024 likasema ushahidi hauonyeshi kuwa dawa ndo chanzo. Sawa, nimeelewa, lakini yale majaribio makubwa ya kupunguza uzito watu wenye sonona kali ya karibuni waliwaacha nje, na mie nakumbuka ulivyokuwa baada ya msiba wa mama. Kwahiyo hiyo sindano ya yule dada wa Instagram usiiguse, na kwa daktari usitaje sukari tu, mtolee na zile dawa za sonona unazomeza azione kwa macho yake. Alafu mwambie Salim, ukikaa siku tatu hujacheka anipigie, hata usiku wa manane.

Bei ntakutumia kesho, basi langu hilo linakuja.

Wako,
Zuhura