Yuro arobaini kwa kuonja tu? Majibu kwa wageni wetu wa Chianti

“Dada, mmetupiga. Glasi tano, hata moja haijajaa, yuro arobaini kila mtu?”

Ujumbe wa namna hii tunaupata kila msimu, sisi tunaowapeleka wageni kuonja mvinyo kwenye mashamba ya Chianti, Italia. Safari hii umetoka kwa kaka mmoja wa Dar es Salaam aliyekuja huku Toscana na wenzake. Tulimpigia simu tukaelewana, lakini kwa kuwa swali lenyewe haliishi, tumeona tuliandike hapa, tukiulizwa tena tutume linki tu.

Tuanze na hesabu. Glasi ya kuonjea humiminiwa kama mililita 50. Glasi tano ni mililita 250, yaani theluthi nzima ya chupa, na Chianti Classico, mvinyo mwekundu wa hapa, haina kilevi cha kuchezea: chupa nyingi utakuta zimeandikwa asilimia 13.5 au 14. Aliyekunywa theluthi ya chupa saa tano asubuhi hajapunjwa kitu. Glasi haijazwi kwa sababu mvinyo lazima uuzungushe harufu ipande, kisha utie pua ndani. Jaza hadi ukingoni halafu zungusha, uone shati lako.

Tena ile yuro 40 haiingii mfukoni mwetu. Ni ada ya kantina, yaani shamba linalotengeneza na kuhifadhi mvinyo wake. Inamlipa anayewatembeza shambani na ghalani, inalipia chupa zinazofunguliwa kwa ajili yenu (na chupa iliyofunguliwa haisubiri siku nyingi), mkate, jibini ya pecorino, soseji kavu ya finocchiona na mafuta ya zeituni ya hapohapo. Yetu sisi ni gari, dereva, kuweka nafasi na tafsiri, maana wenye mashamba madogo wengi wanajieleza vizuri kwa Kitaliano tu. Kwenye ankara tunaandika mistari miwili tofauti. Jamani, ankara isomwe kabla ya kulipa, si usiku hotelini.

Sasa ile njia ya mkato. Wapo wanaouliza bei, wanashukuru, kisha wanakodi gari wajiendee. Barabara ya Chiantigiana, inayotoka Firenze kwenda Siena kupitia Greve, Panzano na Castellina, ni raha kuiendesha kama hunywi. Nyie mnakwenda kunywa. Kikomo cha Italia ni gramu 0.5 za kilevi kwa lita ya damu. Ukikutwa kati ya 0.5 na 0.8 faini inaanzia yuro 573, na leseni inasimamishwa miezi 3 hadi 6. Mwenye leseni ya chini ya miaka mitatu kikomo chake ni sifuri, na vivyo hivyo dereva anayebeba abiria kwa malipo. Ndiyo maana wetu mkimkaribisha glasi anakataa. Msidhani anaringa.

Kuna familia moja ya Arusha waliona bei yetu kubwa, wakachukua gari karibu na stesheni ya treni. Ramani ya simu ikawapitisha katikati ya mji, ndani ya ZTL, eneo ambalo gari lisilo na kibali halitakiwi kuingia saa zinazokatazwa. Hakuna askari wa kukusimamisha pale, kuna kamera. Walikuwa wamesharudi nyumbani kitambo ndipo barua zikaanza kuja: walipita kamera mbili, faini mbili, na faini ya ZTL huanzia yuro 83. Kampuni ya magari nayo ikakata kwenye kadi ada yake ya kuwapa polisi jina la dereva. Na hapo hata kuonja hawajaonja! Kantina waliyoifuata walikuta geti limefungwa, kwani ilikuwa Septemba, mavuno yamepamba moto, na hawakuwa wameweka nafasi. Wakaishia kununua chupa supamaketi wakainywea hotelini. Mama wa familia ndiye aliyetusimulia, akiulizia safari nyingine, na mara hiyo hakuomba punguzo.

Wengine hupata “kijana wetu mwenye gari” aliyepo Firenze, anawapeleka kwa hela ya mafuta na kitu kidogo. Kubeba abiria kwa malipo huku kunahitaji kibali cha NCC, yaani cha gari la kukodi pamoja na dereva. Asiye nacho akisimamishwa, gari huzuiliwa, na nyie mnabaki kwenye barabara ya vumbi jeupe katikati ya mizabibu, mkitupigia simu sisi. Tumeshawafuata watu wa hivyo. Tuliwatoza bei kamili, na tutaendelea kuwatoza.

Kuhusu geti kufungwa, wageni wengi huona ni dharau, hasa wakisikia watu wanaongea ndani. Mwezi wa tisa na wa kumi ndani kuna kazi ambayo haitaki wapita njia. Zabibu zikishapondwa na kuanza kuchacha zinatoa kaboni dayoksaidi, na gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo inalala chini sakafuni, hasa kwenye maghala ya chini ya ardhi. Mtu anaweza kushuka ngazi akiwa mzima na asipande tena. Mzee mmoja tunayempelekea wageni upande wa kijiji cha Radda ana kifaa cha kisasa ukutani kinacholia hewa ikichafuka, na bado anashuka na mshumaa ameushika chini usawa wa goti, kama alivyofanya baba yake. Ukififia, anarudi juu na kufungua milango. Sisi na wageni tunasubiri nje, na hatuombi aharakishe.

Kwa huyo mzee nilimpeleka baba mmoja mkulima wa zabibu kutoka Dodoma. Walikuwa wanafanya kazi ya kuzungusha: maganda yanapanda juu ya tangi yanakuwa kama kifuniko kigumu, basi juisi inavutwa kutoka chini kwa pampu na kumwagiwa juu yake ili maganda yaendelee kutoa rangi na ukakasi. Yule baba hakutaka kuonja kwanza. Alitaka kujua mnazungusha mara ngapi kwa siku, mnakamua machicha lini, machicha yenyewe yanakwenda wapi (yanakwenda kutengenezwa grappa, pombe kali). Mzee naye aliposikia kwamba Dodoma mzabibu huvunwa mara mbili kwa mwaka aliniuliza tena, akidhani nimekosea kutafsiri. Wa kwake unalala majira yote ya baridi ukiwa kijiti kitupu, anauvuna mara moja, basi. Tulitoka pale jua limeshazama. Muda wa ziada ule sikuuandika kwenye ankara, ingawa dereva aliniangalia vibaya.

Lalamiko la pili kwa ukubwa: “Mbona chupa ya Chianti supamaketi ni yuro sita, hapa mnatuuzia ishirini na tano?” Kwanza hatuuzi sisi, anauza mwenye shamba. Pili, soma lebo. Chianti na Chianti Classico ni mivinyo miwili yenye sheria mbili. Chianti inatoka eneo kubwa la Toscana. Classico ni ile ya vilima vya kati ya Firenze na Siena, ambavyo sehemu yake Cosimo III de' Medici, mtawala wa Toscana, aliiwekea mipaka kwa amri mwaka 1716, na shingoni mwa chupa ina alama ya jogoo mweusi. Kwenye Classico, angalau asilimia 80 lazima iwe zabibu ya Sangiovese, na hekta moja hairuhusiwi kutoa zaidi ya tani 7.5 za zabibu. Kuna wakulima wanaokata vichala vibichi wakati wa kiangazi na kuviacha chini vioze ili vilivyobaki vikomae vizuri. Hela hiyo iliyolala chini ya mzabibu nani anailipa kama si mnunuzi? Ongeza muda: Classico ya kawaida hukaa miezi 12 kabla ya kuuzwa, daraja la Riserva 24, la Gran Selezione 30, na muda wote huo mwenye shamba hajauza kitu. Brunello, mvinyo wa Montalcino, ndiyo kabisa, haitoki kuuzwa hadi Januari ya mwaka wa tano baada ya mavuno. Ukitaka ya yuro sita, inunue kwa amani, si dhambi. Usiilinganishe tu mbele ya mzee wa watu. Nimeshatafsiri sentensi hiyo nikailainisha, na bado aliielewa.

Wapo pia wanaotuomba tuondoe chakula ili bei ishuke. Hatuondoi. Bwana mmoja alisisitiza, akaja bila hata kifungua kinywa, akakataa kutema kwenye ndoo akisema kutema ni kupoteza hela. Kufika mvinyo wa nne alikuwa anaimba, wa tano hakuujua ladha, na Vin Santo, ambao zabibu zake huanikwa zikakauka kwanza kisha mvinyo ukakaa kwenye vipipa vidogo miaka kadhaa, aliulalia usingizi kwenye gari. Mkewe aliumaliza na biskuti za cantucci. Kutema ni jambo la kawaida pale, anatema hata mwenye shamba.

Na msiokunywa mnakaribishwa, kwa bei yenu. Familia moja ya Mombasa walikuja na bibi mmoja wa Kiitaliano, mke wa mtoto wao. Yeye anakunywa, wao hapana. Tuliwaomba wenyeji wawaandalie meza ya mafuta ya zeituni. Unakishika kikombe kiganjani mpaka mafuta yapate joto, kisha unayavuta kwa sauti pamoja na hewa. Mafuta mapya yanawasha koo, na shangazi mmoja alikohoa akasema yameharibika. Mwenyeji alicheka: kuwasha huko ndiko anakokutafuta. Waliondoka na madebe mawili. Mafuta mapya hupatikana kuanzia mwishoni mwa Oktoba na Novemba, kwa hiyo chagueni tarehe mkijua hilo.

Mkituandikia, tuambieni mko wangapi, nani hanywi, nani hali nguruwe (finocchiona ni nguruwe, tutaomba jibini zaidi), na kama mna mzee asiyeweza ngazi. Manukato siku hiyo yaacheni hotelini, yanaua harufu ya glasi yako na ya jirani. Kwa Septemba na Oktoba andikeni mapema, kwani kantina ndogo zinachukua kundi moja au mawili tu kwa siku. Januari na Februari baadhi hufunga, zilizobaki zina nafasi tele na mwenye shamba ana muda wa kukaa nanyi mezani. Bei ya gari ni ileile mwaka mzima.